Maziwa, Myuoni na Kifua Changu

Walicheka. Ukumbi mzima ulicheka, wanafunzi na walimu wao na wazee walioalikwa, na waliyekuwa wanamcheka ni mimi, nimekaa safu ya mwisho karibu na mlango, koti la kuazima likinibana kwapani. Mdogo wangu alikuwa mbele na maikrofoni. Alikuwa amewaambia vile kakake, miaka ile kule kijijini kwetu Ziwa, alimwaga maziwa ya moto kwenye tangi la maziwa baridi, akaharibia wafugaji kazi ya siku nzima. "Kakangu ni mtu mzuri sana," alisema, "lakini siku hiyo, wacha tu!" Wakacheka tena. Msichana mmoja mbele yangu alijipiga paja.

Halafu mdogo wangu akashusha sauti. Akawasimulia siku ambayo bomba la amonia lilipasuka ndani ya chumba cha kupoza, vile alivyotambaa sakafuni amefumba macho, koo linaungua, akijua amekwisha. Akasema hapo ndipo alipojifunza kwamba kitu kinachokufa haraka hakingojewi, kinakimbizwa. Watu wakasimama na kupiga makofi. Mimi pia nilisimama, maana kila mtu alisimama, na kikohozi kikanishika hapo hapo. Mama aliyekuwa kando yangu akanigeukia na macho makali, ati ninaharibu.

Aliyemwaga maziwa ni yeye. Aliyetambaa ni mimi. Na kwenye safu ya kwanza kabisa, amevaa kofia yake ya manyoya, akipiga makofi kuliko wote, alikuwa mzee aliyekuwa mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa wakati huo. Huyo anajua ukweli kama vile anavyojua mlango wa nyumba yake.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la saba. Ninayoandika hapa nimeyaandika polepole, na kama kuna mahali maneno yamekaa vibaya, msinisahihishe hayo. Sahihisheni ile hadithi.

Tulizaliwa wawili wavulana. Mimi nilimtangulia kwa miaka minne. Shuleni nilikuwa napenda hesabu, na mwalimu alikuwa akiniita ubaoni wengine wakishindwa. Baba aliangalia mabega yangu, akaangalia mabega ya mdogo wangu, akasema, "Mkubwa atabeba maziwa. Mdogo ataendelea." Hakuna mtu aliyepinga. Mama alinyamaza, na mimi nikanyamaza, kwa sababu kwetu mtoto hakuwa anaulizwa. Baba, ulale salama, lakini wewe ni wa kwanza kwenye orodha yangu.

Basi nikabeba maziwa. Baiskeli nyeusi, mikebe miwili nyuma na mmoja katikati, kutoka boma letu mpaka kituo cha chama. Mtu ambaye hajabeba maziwa anafikiri kazi ni uzito. Kazi ni saa. Maziwa yakitoka kwa ng'ombe yana joto la mwili, na kutoka dakika hiyo yanaanza kufa. Ukisimama kusalimia watu, yanakufa. Mnyororo ukikatika, yanakufa. Barabara ikiwa matope, unabeba baiskeli na mikebe pamoja, na bado yanakufa tu. Ukiyafikisha yakapozwa, yamepata maisha mengine. Nilikuwa nikimaliza kumwaga kwenye sinki la mapokezi, mdogo wangu anapita kwa lami amevaa soksi ndefu, anaenda shule. Alikuwa akinipungia mkono. Nilikuwa namchukia kutoka soksi kwenda juu.

Nina wivu, sitaficha. Mtu akisema ninaandika kwa sababu ya wivu, amesema kweli. Lakini mwenye wivu pia anaweza kuibiwa.

Sasa yale maziwa. Mdogo wangu alikuwa likizo, mwaka wa mtihani wake wa mwisho wa sekondari. Mimi nilikuwa nimeshapanda, nimefanywa msimamizi wa chumba cha kupoza. Jioni moja nilienda Cheptiret kwa mazishi ya shangazi, nikamwachia yeye tangi kwa masaa machache. Nilimwambia, "Usiguse kitu. Maziwa yakija, yapite kwenye sinki, yapite kwenye mabomba ya baridi, ndiyo yaingie kwenye tangi." Wafugaji wakaja wakiwa wengi, foleni ikawa ndefu, wakaanza kumpigia kelele. Akafungua kifuniko cha tangi juu, akaanza kumwaga moja kwa moja.

Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akaniambia, "Si nyumbani tunaongeza tu?" Na hapo nilimwelewa. Kwetu mursik, maziwa yetu ya mgando, hutengenezwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti, na Mama alikuwa akiongeza maziwa kidogo leo, kidogo kesho, mpaka kibuyu kinajaa na kuganda vizuri. Mtoto aliyelelewa kwa kibuyu anaona tangi la chuma anafikiri ni kibuyu kikubwa. Lakini tangi halitaki kuganda. Tangi linataka baridi, na ukiongeza moto juu ya baridi umeamsha vijidudu vyote vilivyokuwa vimelala. Asubuhi dereva wa lori alipima kwa spiriti, maziwa yakakatika kwenye kijiko. Tangi lote likaenda mtaroni. Mbwa wa Ziwa yote walikunywa siku hiyo.

Mwenyekiti alikuja akiwa amefura. Baba alikuwa ameshafika kabla yake na kunivuta kando. "Sema ni wewe," akaniambia. "Huyu ana mtihani." Nikasema ni mimi. Wafugaji wakanitukana, mama mmoja akanitupia mfuniko wa mkebe, na kwa miaka mingi sokoni nilikuwa naitwa Mwaga-Maziwa. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na mlango, anaangalia viatu vyake. Nilimsamehe siku hiyo hiyo. Nilifikiri ni deni la ndugu, linafutika lenyewe.

Halafu amonia. Hii ilikuwa miaka minne baadaye, yeye akiwa chuo kikuu Nairobi. Mitambo yetu ya baridi ilikuwa ya zamani, ya amonia, hewa ambayo ukiinusa kidogo tu machozi yanatoka. Kulikuwa na vali moja iliyokuwa inavuja. Nilimwambia mwenyekiti mara tatu. Mara ya kwanza alisema fundi atakuja kutoka Nakuru. Mara ya pili alisema nifunge na mpira wa tyubu. Mara ya tatu alisema, "Wewe ni wa kumwaga maziwa, sasa umekuwa injinia?" Barakoa za kujikinga zilikuwepo mbili, mpya, kwenye kabati ndani ya ofisi yake. Alikuwa amezifungia ili zisiibwe. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na siku hiyo mfuko ulikuwa Timboroa kwa harusi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilisikia mlio kama wa chui, bomba likapasuka, halafu sikuona tena. Amonia inatafuta maji mwilini: macho, jasho, koo. Kila mahali penye unyevu, inakaa hapo na kuunguza. Nilianguka. Nikaanza kutambaa, na sikujua natambaa kuelekea mlangoni au kuelekea kwenye mitambo. Aliyeniokoa ni dereva wa lori la maziwa, Msomali, mtu mrefu mwembamba tuliyezoea kutaniana juu ya bei ya ngamia. Alilowesha shuka lake kwenye pipa la maji, akajifunga usoni, akaingia. Nilihisi mkono kwenye mguu wangu. Alinivuta kama gunia, kidevu changu kikigonga sakafu, na alikuwa anapiga kelele, "Walal, usilale! Usilale, walal!" Walal ni ndugu kwa lugha yao. Katika maisha yangu hakuna aliyeniita ndugu kwa nguvu namna hiyo.

Nilikaa wodini wiki nyingi. Jicho la kushoto linaona ukungu mpaka leo. Kifua ndicho hicho, nikipanda ngazi za jengo lolote la Eldoret napumzika kila baada ya ngazi sita. Mwenyekiti aliandika kwenye ripoti kwamba msimamizi alifungua vali kwa uzembe. Mdogo wangu alituma barua yenye ukurasa mmoja, ati pole, ati mitihani imekaribia.

Sasa niseme juu ya hizo myuoni, chembe anazozishughulikia mdogo wangu, maana ndizo zilizofanya haya yote yatoke.

Mdogo wangu alienda ng'ambo, akasoma mpaka vitabu vikamchoka, akawa mmoja wa wale wanaofikiria mashine ya kugonganisha chembe ndogo kuliko vumbi. Miaka michache iliyopita alikuja nyumbani, akaketi jikoni kwangu mchana, mke wangu akampa chai. Meno yake meupe. Ngozi laini kama ya mtu wa miaka thelathini. Mimi nikikaa na yeye watu wanadhani ni baba na mtoto. Nikamuuliza, kwa kumchokoza, "Wewe kwani kazi yako ni gani? Watu wananiuliza, mimi nasema unagonganisha vitu. Wanauliza kama una karakana."

Alicheka. Akaniambia kwa Kiswahili chake ambacho kimeanza kushika kutu. Kuna elektroni, akasema, hiyo ni nyepesi, ukiizungusha kwenye kona inamwaga nguvu yake njiani. Kuna protoni, nzito, lakini ni kama gunia lenye vitu vingi ndani: ukigonganisha magunia mawili, vinavyokutana hasa ni mahindi mawili matatu, nguvu nyingine imepotea. Na kuna myuoni. Ni kama elektroni lakini nzito mara mia mbili na kitu. Haimwagi nguvu sana kwenye kona, na si gunia, ni punje moja. Kwa hivyo unaweza kujenga mzunguko mdogo na upate mgongano mkubwa, msafi, uone vitu ambavyo mashine za leo hazifiki.

"Basi jengeni," nikasema.

"Shida ni kwamba inakufa. Chukua sekunde moja, igawe mara milioni. Vipande viwili tu hivi, imekufa."

"Mnaitoa wapi?"

"Tunapiga protoni kwenye kipande cha chuma au kaboni. Zinatoka chembe nyingine, hizo zinageuka kuwa myuoni. Lakini zinatoka zimetawanyika, za moto, kila moja na njia yake. Lazima tuzikusanye, tuzipoze, tuzikimbize, kabla hazijafa."

Nikaweka kikombe chini. "Hayo ni maziwa," nikamwambia.

"Maziwa?"

"Yanatoka kwa ng'ombe yana moto. Yanatoka kwa boma hamsini, si kwa boma moja. Yameanza kufa. Lazima uyakusanye, uyapoze, uyakimbize mjini. Ukichelewa mahali pamoja, umemwaga yote. Na huwezi kuyaruka mabomba ya baridi ukamwaga juu kama ulivyofanya wewe."

Aliniangalia kama mtu aliyeona ng'ombe wake sokoni. Halafu akatoa kijitabu, akaandika. Mimi nilifurahi. Mungu ananiona, nilifurahi kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Nikaendelea kuuliza. Mnapoza na nini, na ninyi mna amonia? Akasema hapana, wanazipitisha ndani ya kitu chepesi kama haidrojeni iliyofanywa kimiminika, katikati ya sumaku kali. Zinapoteza mwendo wa kila upande, halafu wanazisukuma mbele tu, zinapoteza tena, wanazisukuma tena, mpaka zinatulia na kwenda pamoja kama ndama waliozoea njia. Si baridi ya kushika na mkono. Ni baridi ya kuacha fujo. Akasema wamejaribu kidogo na imekubali, lakini mtambo mzima hakuna mtu aliyewahi kuujenga, na pengine yeye atastaafu kabla haujawashwa.

"Na mkishazikimbiza, si bado zinakufa?"

"Zikikimbia karibu na mwendo wa mwanga, saa yao inaenda polepole kwetu sisi tuliosimama. Zinaishi zaidi, mara nyingi sana zaidi."

"Kwa hivyo anayekimbia hazeeki."

"Anazeeka polepole. Ukimwangalia ukiwa umesimama."

"Basi sasa naelewa ngozi yako," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyesimama."

Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Mdogo wangu akasema ndege anazopanda haziendi kasi ya kutosha kwa hayo, tofauti ni kidogo hata haihesabiki. Alinisahihisha! Mimi nilijua ni mzaha. Lakini usoni aliona haya kidogo, na mimi nikaipenda ile haya.

Nilimuuliza swali moja zaidi, ambalo hakuliandika. "Zile zinazokufa njiani zinaenda wapi?" Akasema zinageuka. Elektroni zinatoka na kupiga sumaku na vyombo vya kupimia, kwa hivyo lazima kuwe na kinga nzito ndani. Na kuna nyutrino, chembe ambazo hupita kila kitu, hupita ardhi yote, na kwa kawaida hazimgusi mtu. Lakini zikiwa nyingi, zote upande mmoja, mahali zinapotokea juu ya ardhi, mbali na mashine, zinaweza kuleta mnururisho kidogo, ile miale inayodhuru mwili. Wanafikiria kuitikisa njia ya zile chembe polepole ili mahali pamoja pasipate kila siku.

"Mahali hapo kuna watu?"

"Pengine kuna shamba la mtu."

"Mwenye shamba mtamwambia kabla, au atasoma kwenye ripoti?"

Akasema, "Kakangu, wewe ungekuwa profesa." Akaamka, akaenda kuona ng'ombe.

Hiyo "ungekuwa" nimekaa nayo miaka hii. Nilielewa. Hiyo ndiyo inayoniuma, kwamba nilielewa mara moja, nikiwa na kikombe mkononi na jicho moja zima. Wivu wa soksi ulikuwa wa utoto. Huu wa pili ni mbaya zaidi. Naamka nao.

Kwa hivyo alipoalikwa kuzungumza hapa mjini, kwenye chuo kimoja, nilienda nikijua atasema juu ya maziwa, na nilitaka kusikia akisema, "Hili nilifundishwa na kakangu." Neno moja. Nilikuwa nimeazima koti kwa ajili ya neno moja. Mmeshajua nilichopata.

Nilimngojea nje, kando ya gari lililomleta. Alitoka na maprofesa, amezungukwa, akaniona, akafungua mikono. "Umeonaje?"

"Umesema wewe ndiye uliyekuwa ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwa amonia."

Akanishika bega, akanisogeza kando kama mtu anayemsogeza mlevi. "Kakangu, ile ni njia ya kuwafanya watu waelewe. Hotuba inataka mtu mmoja. Nikianza kueleza kakangu, kituo, nani alikuwa nani, wanalala."

"Lakini aliyemwaga maziwa ulikumbuka ni kakako."

Mzee wa kofia ya manyoya alikuwa amefika, akaingiza mkono wake katikati yetu kumsalimia. "Kijana wetu! Umetuletea heshima. Na ile ajali umeieleza vizuri kabisa. Ajali ni ajali." Alisema hivyo akiniangalia mimi. Mdogo wangu akamwambia asante Mzee. Wakaondoka kwenda kula. Mimi nilialikwa pia, niseme haki, lakini kifua kilikuwa kimenikataza.

Ningemaliza hapo, nife na hasira yangu kama wengine. Lakini hotuba ilirekodiwa, ikaingia kwenye simu za watu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, anapenda fizikia, na tangu akiwa mdogo ameniona nikikohoa, nimemweleza kisa chote, hata ule mkono uliovuta mguu wangu. Alirudi likizo akakaa mbele yangu na simu. Hakulia, hakupiga kelele. Aliuliza kwa adabu, "Baba, kwa nini ulituambia ilikuwa wewe?"

Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Lakini Baba mdogo ni mwanasayansi. Hawezi kudanganya mbele ya watu wote wale." Nikamwonyesha jicho. Akasema jicho linaweza kuharibiwa na kitu kingine. Hiyo akili ya kupima kila kitu ameitoa wapi, kama si kwangu? Sasa amebandika picha ya baba yake mdogo ndani ya daftari. Akinisikia nikikohoa chumba cha pili, anaongeza sauti ya redio.

Nilimpeleka kwa yule Msomali. Siku hizi ana duka la vipuri mjini, ndevu zimekuwa nyekundu kwa hina. Nikamwambia, "Mwambie huyu mtoto ulimvuta nani." Akatucheka. "Nani? Si wewe! Mguu mzito kama wa ngamia aliyegoma." Akamweleza yote, na shuka, na kidevu kikigonga sakafu. Binti yangu alisikiliza, akamshukuru. Tukitembea kwenda stendi akaniambia, "Lakini ni rafiki yako, Baba." Basi shahidi wangu mmoja hatoshi, kwa sababu ananipenda.

Kwa hivyo nawaandikia wale wawili ambao maneno yao yanatosha.

Wewe mdogo wangu. Unajua namba ya simu ya mtoto wangu, ndiyo unayomtumia picha za sumaku zako. Mpigie. Usiniombe msamaha mimi, sihitaji, mwambie yeye nani alimwaga na nani alitambaa. Halafu uliseme hadharani, kwa maikrofoni ile ile na lugha ile ile, mpaka nalo liingie kwenye simu za watu. Unaweza kueleza kitu kinachoishi sehemu mbili za milioni za sekunde mbele ya ukumbi mzima. Ukweli wa dakika tano utakushinda?

Na wewe Mzee wa safu ya kwanza. Uliambiwa mara tatu. Kabati lilikuwa la ofisi yako na barakoa zilikuwa mbili, zikiwa bado kwenye karatasi ya plastiki. Ulipiga makofi kwa nini? Kwa nani? Mtoto wangu anangoja, na safari hii hasomi ripoti. Jibuni.